MCHELEA MWANA KULIA: KWELI YA DAKTARI KWA MWANAFUNZI WAKE

Hotuba kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Tume ya Haki na Amani, Bunju



Tumezoea, tunapokutana katika semina kama hii, kuzungumzia migogoro ya viwanja, mirathi ya wajane, ujira wa watumishi wa majumbani na mateso ya mahabusu. Hayo yote ni mambo ya haki, na hatutaacha kuyazungumza. Leo, hata hivyo, tunaomba tutazame jambo ambalo halipigiwi kelele, kwa kuwa hufanyika kimya kimya, kwa kalamu na karatasi, katika ofisi ndogo iliyo pembeni mwa wodi. Jambo hilo ni ushuhuda anaoutoa daktari mzoefu juu ya daktari kijana anayejifunza chini yake. Swali letu ni hili: ni nini humfanya daktari aseme kweli juu ya mwanafunzi wake, na aiseme mapema, ingali na faida?

Huenda mtu akauliza: hayo yanatuhusu nini sisi waamini wa kawaida? Si kazi ya vyuo na ya Wizara? Tunajibu kwamba yanatuhusu sana, kwa sababu matunda ya ushuhuda huo, yawe matamu au machungu, tunayala sisi.

I. JAMBO LENYEWE LILIVYO

Nchi yetu ilianza kufundisha madaktari wake yenyewe mwaka 1963, chuo cha udaktari kilipofunguliwa Dar es Salaam. Chuo hicho kimepita katika majina na ngazi mbalimbali, na tangu mwaka 2007 ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Baadaye vikaongezeka vingine: huko Moshi kwenye hospitali ya KCMC, huko Mwanza kwenye hospitali ya Bugando iliyo chini ya Kanisa, huko Ifakara, na hapa hapa jijini, Mikocheni, ambako Chuo Kikuu cha Kairuki kilianzishwa mwaka 1997. Kijana husoma miaka mitano. Akishahitimu hapewi wagonjwa moja kwa moja ili awatibu peke yake. Hupewa usajili wa muda, kisha hufanya kazi mwaka mmoja chini ya uangalizi, akizunguka idara kwa idara: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, akina mama na uzazi. Huyu ndiye tunayemwita daktari tarajali.

Katika kila idara yupo daktari msimamizi anayetakiwa kumtazama kijana huyu akifanya kazi, kumrekebisha, na mwishoni kujaza fomu na kutia sahihi kwamba ameiva au hajaiva. Sahihi hizo zikikamilika, Baraza la Madaktari lina msingi wa kumpa usajili kamili. Basi, ndugu zangu, sahihi hiyo ndogo ni mlango. Anayeupita huo mlango hataulizwa tena kila siku kama anajua kushona jeraha, kumpima mama mjamzito au kukadiria dozi ya mtoto. Tutamwita daktari, nasi tutamkabidhi miili yetu.

Sisi wa Bunju tunajua jinsi ilivyo. Mgonjwa akizidiwa usiku huanzia zahanati ya karibu, akapelekwa Mwananyamala, na hali ikiwa mbaya zaidi akafikishwa Muhimbili. Katika hospitali hizo kubwa, mkono wa kwanza kumgusa mgonjwa usiku wa manane mara nyingi ni mkono wa kijana anayejifunza. Hilo si kosa. Kila bingwa tunayemheshimu leo alianza hivyo. Kosa ni pale kijana huyo anapokuwa peke yake, hana anayemtazama, au anapotazamwa na mtu anayeona udhaifu wake na kunyamaza.

II. NANI HUUMIA KWELI ISIPOSEMWA

Kwanza huumia mgonjwa, na hasa mgonjwa maskini. Tajiri akimtilia shaka daktari, hupanda ndege akaenda Nairobi au India kutafuta mwingine. Maskini humpata yule aliyepo zamu. Tena tukumbuke kwamba daktari kijana aliyepewa sahihi hapa Dar es Salaam aweza kupangiwa kazi Nkasi, Kibondo au Tunduru. Huko hakuna bingwa wa kumwita katika chumba cha jirani. Mama aliyekwama katika uchungu, saa nane za usiku, barabara imejaa matope, atafanyiwa upasuaji na kijana huyo huyo. Uvivu wa kalamu uliotokea jijini hulipwa na mwanamke ambaye hajawahi kufika jijini.

Pili huumia kijana mwenyewe. Wengi hudhani kwamba kumpitisha ni kumpenda. Wahenga wetu walituonya zamani kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Kijana ambaye hakuambiwa kwamba hasikilizi vizuri mapafu ya mgonjwa atalibeba kosa hilo miaka ishirini, hata siku ambapo litamfikisha mbele ya Baraza, au mbele ya hakimu, au mbele ya dhamiri yake mwenyewe, ambayo haina wakili. Angeambiwa katika wiki ya pili, angejifunza kwa siku tatu.

Tatu huumia jamii nzima, kwa sababu imani kati ya watu na hospitali huvunjika. Tunakumbuka Novemba 2007, pale katika taasisi ya mifupa ya Muhimbili, wagonjwa wawili waliokuwa na jina moja la Emmanuel walipobadilishwa: aliyehitaji kutibiwa goti akapasuliwa kichwa, na aliyehitaji kutibiwa kichwa akapasuliwa goti. Hatusemi kwamba kosa lile lilitokana na tathmini ya mwanafunzi yeyote. Tunalitaja kwa kuwa lilitufundisha wote kwamba hospitali ni mnyororo wa watu wanaoaminiana, na kwamba pete moja ikilegea mgonjwa ndiye aangukaye. Tathmini ya wanaojifunza ni mojawapo ya pete hizo.

Wapo waliochunguza jambo hili kwa hesabu. Mwaka 2005 jarida moja la tiba la Marekani lilichapisha uchunguzi uliofanywa juu ya madaktari 235 waliokuwa wameadhibiwa na mabaraza yao, wakilinganishwa na wenzao 469 wasioadhibiwa, wote wahitimu wa vyuo vitatu vya nchi hiyo. Walipofunguliwa mafaili yao ya zamani, ilionekana kwamba walioadhibiwa walikuwa na uwezekano mara tatu zaidi wa kuwa na kumbukumbu za mwenendo mbaya tangu walipokuwa wanafunzi. Na dalili zilizojitokeza kwa nguvu zaidi zilikuwa mbili: kutowajibika kabisa, na kutokubali kurekebishwa. Tuzingatie vizuri. Dalili zilikuwapo mapema. Kuna watu waliziona na hata kuziandika. Lakini mlango ulifunguliwa.

III. KWA NINI KALAMU HUSITA

Isiwe kwamba tunawahukumu madaktari kwa haraka. Wengi wao ni waamini wenzetu, wanaketi nasi katika Jumuiya Ndogo Ndogo, na tunajua uchovu wao. Tukitaka kujua ni nini humsukuma mtu kutenda jema, yatupasa kwanza kujua ni nini humzuia.

Mwaka huo huo wa 2005, watafiti wa Ottawa, nchini Kanada, walichapisha mahojiano waliyofanya na madaktari wasimamizi 21. Waliwauliza kwa nini humpitisha mwanafunzi ambaye wao wenyewe wanaona hafai. Majibu yaliangukia katika mafungu manne: hawakuwa wameandika kumbukumbu za makosa alipokuwa anayatenda, hawakujua hasa ni kitu gani cha kuandika, waliogopa rufani na usumbufu wake, na hawakuona njia yoyote ya kumsaidia mwanafunzi aliyeshindwa. Jambo la kustaajabisha ni kwamba hakuna fungu la kutojua. Daktari alijua kwamba kijana hajaiva. Kilichokosekana ni njia ya kuigeuza kweli anayoijua iwe kweli iliyoandikwa.

Kwetu sababu hizo zipo, na zimeongezewa nyingine.

Ipo ya wingi wa kazi. Msimamizi mwenye wodi iliyojaa, kliniki inayomsubiri na upasuaji wa dharura hataiona fomu kama kazi, ataiona kama deni. Atailimbikiza hata mwisho wa muda, kisha atazijaza fomu zote kwa siku moja, akijaribu kukumbuka sura za vijana waliopita mbele yake miezi miwili nyuma. Asiyekumbuka hutoa alama nzuri, maana alama nzuri haiulizwi maswali.

Ipo ya uhaba wa mikono. Kijana tarajali si mwanafunzi tu, ni mtenda kazi. Januari 2012, madaktari tarajali wa Muhimbili waliodai posho zao zilizocheleweshwa walihamishiwa hospitali nyingine, na madaktari wenzao wakaingia katika mgomo. Juni mwaka huo mgomo ukarudi. Sisi wa upande huu hatuhitaji kukumbushwa mwaka ule, kwa kuwa ni katika msitu wa Mabwepande, jirani zetu hapa, kiongozi mmoja wa madaktari alikutwa akiwa ametekwa na kupigwa vibaya. Hatuingii katika hoja za mgomo wenyewe. Tunasema tu kwamba siku zile kila mtu aliona jinsi wodi zinavyowategemea vijana hao. Basi msimamizi anayemzuia tarajali mmoja anajipunguzia mikono, na anajua hivyo anapoishika kalamu.

Ipo ya kugawanyika kwa mamlaka. Mahali pengi anayemwona mwanafunzi kitandani pa mgonjwa ni mwajiriwa wa hospitali, na anayetoa cheti ni chuo. Daktari wa hospitali hufundisha bila kuongezewa chochote, na mara nyingi hajui fomu aliyoijaza ilikwenda wapi wala nani aliisoma. Mtu hulima shamba asiloliona likivunwa kwa muda gani?

Na ipo ya undugu, ambayo sisi tunaijua kuliko watafiti wa Ottawa. Simu hupigwa. Mjomba wa kijana alisoma na msimamizi. Mzee wa ukoo ametuma salamu. Wakati mwingine, na tuseme kweli ingawa inatuhusu, barua huletwa yenye muhuri wa parokia ikiomba kijana wetu afikiriwe. Kila mmoja huona ameomba jambo dogo la huruma. Lakini huruma hiyo tunaitoa katika mfuko wa mgonjwa ambaye hatukumwomba ruhusa.

IV. NI NINI HUMSUKUMA DAKTARI KUSEMA KWELI, NA MAPEMA

Tutofautishe kwanza mambo mawili: ukweli wa tathmini na wepesi wake. Mtu aweza kuwa mwepesi bila kuwa mkweli. Ukimwambia msimamizi kwamba hatapata stahili yake hadi fomu zirudi, fomu zitarudi kesho asubuhi, zote zikiwa na alama zilezile. Ukimlipa kwa kila fomu, utapata fomu nyingi. Fedha na amri zaweza kuharakisha karatasi, lakini haziwezi kutia kweli ndani yake. Kwa upande mwingine, mtu aweza kuwa mkweli akachelewa. Kijana akiambiwa siku ya kuondoka kwamba tangu siku ya kwanza hakuwa anaosha mikono baina ya mgonjwa na mgonjwa, kweli hiyo haimponyi tena mtu yeyote. Imekuwa adhabu tu. Samaki hukunjwa angali mbichi.

Ni nini basi huyaunganisha hayo mawili?

1. Kumwona mgonjwa nyuma ya karatasi. Daktari anayejiuliza, Je, ningekubali kijana huyu amtibu mama yangu usiku nikiwa safarini? hupata jibu kabla hajamaliza swali. Swali hili lina nguvu kuliko mizani ya alama moja hadi tano, kwa sababu huigusa dhamiri. Vyuo vinavyotaka kweli vimwulize msimamizi maswali ya namna hiyo: kijana huyu aachwe afanye jambo hili peke yake, au bado asimamiwe?

2. Kujua kwamba neno lake litafika mahali. Hakuna kinachoua moyo wa kusema kama kusema bila kusikika. Msimamizi aliyeandika mara moja kwamba kijana fulani ana kasoro, kisha akamwona amepita bila mtu kuuliza lolote, hataandika tena. Lakini chuo kikimpigia simu na kusema, tumesoma, tumemwita kijana, tumefanya hivi na hivi, daktari huyo ataandika vizuri zaidi mara ya pili.

3. Kuwapo kwa dawa baada ya utambuzi. Hakuna daktari apendaye kumtangazia mgonjwa maradhi asiyo na tiba yake. Ndivyo ilivyo na tathmini. Ikiwa matokeo ya kusema kweli ni kumfukuza kijana na kuangamiza miaka sita ya jasho la wazazi wake, mkono wenye huruma utatetemeka. Ikiwa matokeo ni kuongezewa wiki sita katika idara ileile, akiwa na mlezi maalumu na mambo matatu ya kurekebisha yaliyoandikwa wazi, mkono hautatetemeka. Wanaotaka madaktari wawe wakweli na wajenge kwanza njia ya kumwinua aliyejikwaa.

4. Kutokuwa peke yake. Sahihi ya mtu mmoja ni rahisi kuishambulia, na ni rahisi pia kuinunua. Wasimamizi watatu wakiketi pamoja, kila mmoja akisema aliyoyaona, pamoja na muuguzi mkuu wa wodi ambaye huona mengi wasiyoyaona madaktari, hofu hugawanyika na kweli hukusanyika. Uongozi wa hospitali nao usimame nyuma yao siku ya rufani. Mlinzi aliyeachwa peke yake langoni hujifunza upesi kulala.

5. Kuandika kidogo kidogo, papo hapo. Mistari miwili katika kitabu cha kumbukumbu baada ya raundi ya asubuhi, ikisema kijana alifanya nini vizuri na nini arekebishe kesho, ina thamani kuliko kurasa nne mwishoni mwa mwezi. Tangu mwaka 1983 daktari Jack Ende wa Marekani aliwakumbusha walimu wenzake kwamba marejesho ya kila siku ni taarifa ya kumsaidia mtu ajisahihishe, nayo ni tofauti na hukumu ya mwisho. Kijana aliyezoea taarifa za kila siku hashangazwi na hukumu, na mwalimu aliyezoea kuzitoa haiogopi.

6. Kuheshimiwa kwa kazi ya kulea. Taasisi zetu humpandisha mtu cheo kwa maandishi aliyochapisha kuliko kwa vijana aliowakomaza. Sisemi maandishi hayana maana. Tunasema tu kwamba mtu hufuata njia inayoonekana kuheshimiwa. Saa za kufundisha zihesabiwe kuwa ni kazi, na si sadaka inayochangwa baada ya kazi.

7. Mfano wa waliomlea yeye. Daktari aliyewahi kuambiwa kweli kwa upendo na mwalimu wake hulipa deni hilo kwa wanafunzi wake. Sababu hii haiwezi kuagizwa kwa waraka. Hurithishwa.

Hapa tuliolelewa seminarini tunaweza kuongeza neno. Kanisa halimpi mtu Daraja takatifu kwa kuwa amefaulu mitihani tu. Kila mwaka walezi hukutana kumpima kila mfratri, na kabla ya Daraja, Sheria ya Kanisa, katika Kanuni ya 1051, inadai ushuhuda wa mkuu wa seminari juu ya sifa za mwombaji, pamoja na uchunguzi wa afya yake ya mwili na ya akili. Waamini nao, kwa Kanuni ya 1043, wanafungwa kutaja vizuizi wanavyovijua. Nanyi mnajua matangazo ya ndoa: mwenye kujua kizuizi aseme kabla. Hekima iliyomo ni moja. Kanisa linajua kwamba kijana anayeambiwa katika mwaka wa pili kwamba njia hii si yake bado ana maisha mbele yake. Anayeambiwa wiki ya Daraja amedhulumiwa, hata kama aliyoambiwa ni kweli. Ucheleweshaji wa kweli ni aina ya dhuluma.

V. KWELI HUMLINDA MWANAFUNZI PIA

Tusidhani kwamba tathmini ya kweli ni silaha ya mwalimu dhidi ya mwanafunzi. Mwenye kalamu aweza kuwa mkali kwa chuki, kwa ukabila, kwa kisasi, au kwa tamaa. Wapo wasichana, katika vyuo vya kila namna, walioambiwa kwamba sahihi ina bei, na bei yenyewe ni miili yao. Hilo ni dhambi inayolia mbinguni, na pia ni kosa la jinai: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inalitaja waziwazi.

Kwa hiyo masharti yanayomsaidia daktari mwema aseme kweli ndiyo yayo hayo yanayomzuia daktari mwovu asiseme uongo: kuandika papo hapo jambo lililotendwa na si hisia tu, kuwa na mashahidi zaidi ya mmoja, kumwonyesha mwanafunzi kilichoandikwa, na kumpa nafasi ya kujibu. Tathmini ya siri iliyotolewa mwishoni na mtu mmoja ni hatari kwa pande zote mbili. Mwinjili Mathayo, katika sura ya 18, anatuonyesha utaratibu wa kumrudi ndugu: kwanza ana kwa ana, kisha mbele ya mashahidi wawili au watatu, ndipo mbele ya kusanyiko. Utaratibu huo unamlinda aliyekosa asiaibishwe, nao unamlinda anayesema asiwe mzushi.

VI. WAJIBU WETU SISI WALEI NA WACHUNGAJI

Yako wapi basi yaliyo mikononi mwetu?

Kwanza, tusiwapigie simu. Mzazi anayempenda mwanawe amwombee, amlipie ada, amtie moyo. Asimwombe msimamizi aifumbie macho kweli. Nasi mapadre, pamoja na makatekista na wenyeviti wa kanda, tusiandike barua za kumwombea mtu alama. Tukiombwa barua, tushuhudie mwenendo tunaoujua na tuishie hapo.

Pili, tusimwaibishe kijana aliyeongezewa muda. Mitaani mwetu neno husafiri upesi kuliko daladala ya Bunju kwenda Mwenge: fulani kafeli. Lugha hiyo ndiyo inayowafanya wasimamizi wamwonee huruma kijana huyo isivyo haki. Jumuiya imtembelee, imwambie kwamba kurudia wiki chache ni kuiva. Tukiondoa aibu, tumewaondolea madaktari mzigo mmoja mkubwa.

Tatu, tuseme tulichokiona. Mgonjwa ni shahidi. Kijana akikuhudumia kwa upole, akakueleza maradhi yako kwa lugha uielewayo, mwambie muuguzi mkuu au msimamizi wake. Akikudharau au akikufanyia jambo bila kukueleza, sema pia, kwa adabu, kwa jambo lililotendeka, bila matusi. Wengi wetu hunung'unika tukiwa njiani kurudi nyumbani, na hakuna anayejifunza kutokana na manung'uniko ya njiani.

Nne, wenzetu walio katika kamati za usimamizi za zahanati na vituo vya afya, na katika bodi za hospitali, waulize maswali yasiyoulizwa: Je, tuna vijana wanaojifunza hapa? Nani anawasimamia usiku? Tathmini zao hujazwa lini? Aliyeonekana na upungufu alisaidiwaje? Maswali hayo hayagharimu bajeti.

Tano, madaktari na wauguzi walio miongoni mwetu wapewe mahali pa kupumua. Parokia iwakutanishe, hata mara mbili kwa mwaka, wazungumze kwa uhuru magumu ya dhamiri zao. Mtu anayejua kwamba wenzake wanapigana vita ile ile hupata ujasiri.

HITIMISHO

Ndugu wapendwa, haki haikai mahakamani peke yake. Hukaa pia katika ncha ya kalamu ya mtu aliyechoka, saa kumi na moja jioni, mwenye fomu mbele yake na kijana anayesubiri mlangoni. Tukimwachia mtu huyo peke yake mzigo wote, tukimnyima muda, tukimzunguka kwa simu na salamu, tusishangae akiandika lililo jepesi. Tukimpa muda, wenzake, uongozi unaosimama naye, na njia ya kumwinua aliyejikwaa, wengi wao watasema kweli, kwa sababu kweli tayari wanaijua.

Amri ya Nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Tumezoea kufikiri kwamba uongo huo ni kumsingizia mtu ubaya. Tukumbuke leo kwamba kumshuhudia mtu wema asio nao, kisha kumkabidhi roho za watu, ni ushuhuda wa uongo vilevile. Mungu awape madaktari wetu ujasiri, na atupe sisi busara ya kutowazuia.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Je, katika familia zetu tumewahi kumwomba mwalimu, msimamizi au padre amsaidie kijana wetu kupita? Nani angeweza kuumia kwa msaada huo?

2. Mgonjwa afanyeje ili neno lake juu ya huduma aliyopata limfikie anayehusika, bila hofu ya kunyimwa huduma kesho?

3. Ni kwa namna gani Jumuiya yetu inaweza kumsimamia kijana aliyeongezewa muda wa mafunzo, ili asikate tamaa?

4. Katika kazi zetu wenyewe, shuleni, viwandani, maofisini na katika uongozi wa walei, ni kweli gani tumeichelewesha juu ya mtu tunayemlea? Tutaisema lini, na kwa maneno gani?